Moyo Utageuka

Balaa lote lilianzia kwa njiwa. Studio ya video za harusi ilikuwa na njiwa wawili weupe wa kompyuta, waliokuja pamoja na programu ya kuhariri enzi hizo programu yenyewe ilipokuwa mpya. Katika kila harusi waliruka kutoka pande mbili za kioo, wakakutana katikati, wakagusana midomo, na chini yao yakatokea majina ya maharusi. Mji mzima ulikuwa umeshawachoka. Watoto waliwaigiza kwa viganja kabla hata hawajatokea. Njiwa wa kulia alikuwa na kasoro ya kupepesa jicho moja kila alipofika katikati, na bwana harusi mmoja aliyekunywa kupita kiasi aliwahi kusimama akampepesea na yeye.

Kwa hiyo mama mwenye nyumba alipoingia kusema binti yake anaolewa Jumamosi, hakuanza na binti. Alianza na njiwa.

"Mama Studio, nisikilize vizuri. Harusi ya mwanangu nakupa wewe. Lakini ukumbi utajaa watu, na mawifi zangu wana maringo, wanajiona wao ndio waliosoma peke yao. Nikimwona njiwa hata mmoja, hata unyoya wake, chumba hiki nampa mpwa wangu afungue duka la mikate. Ameshakuja kupima."

"Nilimwona, mama," alisema Mama Studio.

Asingeweza kutomwona. Mpwa alikuwa amepima kwa hatua zake mwenyewe, akachora kwa chaki sakafuni mahali pa kuweka tanuri, na mchoro huo ulipita chini kabisa ya kiti cha Mama Studio. Tangu siku hiyo mwanamke huyo alikuwa akifanya kazi miguu yake ikiwa ndani ya tanuri ya mtu mwingine. Kufuta alitaka, ila aliogopa kuonekana mkaidi. Chumba hicho ndicho kilichoilisha familia. Mumewe alikuwa amestaafu, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimeishia kwenye paa la nyumba.

Mama mwenye nyumba alipoondoka, Shemeji alitoka nyuma ya pazia alikokuwa amejificha. Alikuwa mdogo wake Mama Studio na ndiye mpiga video, na jina la Shemeji lilimganda kwa kuwa mume wa dada yake hakuwahi kumwita kwa jingine.

"Tununue mapambo mapya, dada. Kuna vipepeo siku hizi. Kuna maua yanafunguka."

"Tununue na nini? Na hiyo suruali yako?"

"Mnanunua nini na mimi nipo?" ilisema sauti kutoka kwenye kona.

Wote wawili waligeuka. Walikuwa wamesahau kwamba kona ile ina mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mume wa Mama Studio, mwalimu wa hesabu. Wanafunzi wake walimpa jina la Thibitisha, na jina lilimfuata nyumbani kwa sababu tabia ilitangulia. Mkewe akisema chai imepoa, "Thibitisha." Shemeji akisema amechelewa kwa sababu ya tumbo, "Thibitisha." Tangu astaafu hakuna aliyemthibitishia kitu, basi alikuwa akishinda kwenye kompyuta kuukuu ya kona, anaandika milinganyo na kuitazama ikigeuka kuwa picha. Mkewe hakuuliza. Ilimtosha kwamba mume anajulikana alipo.

Mwalimu aliwageuzia kioo. Juu palikuwa na mstari mmoja wa hesabu. Chini yake, kwenye giza, palikuwa na moyo wa rangi ya waridi, laini, umekaa sawasawa kushoto na kulia, na unadunda.

"Umechora na nini?" aliuliza Mama Studio.

"Sijachora. Nimeuliza swali. Kioo hiki ni nukta tupu, sawa? Kompyuta inaiendea kila nukta na mlinganyo wangu, inaiuliza: wewe umo ndani au uko nje? Iliyomo ndani inapakwa rangi. Iliyo nje inabaki gizani. Hakuna brashi, hakuna picha ya kununua, hakuna njiwa."

"Na kudunda?"

"Hii herufi hapa ni wakati. Wakati ukisogea, moyo unapanuka na kusinyaa. Nikitaka maua, nabadilisha mlinganyo. Nikitaka mawimbi, hivyo hivyo."

Mama Studio hakuelewa kitu, lakini hakubandua macho. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuona hesabu ikidunda. Aliona haya kidogo, kama mke aliyegundua uzeeni kwamba mumewe anajua kuimba.

"Baba watoto," alisema taratibu, "hii itachukua dakika ngapi kwenye harusi?"

Ijumaa mama mwenye nyumba alikuja kukagua. Alipewa kiti kizuri, akakalia tanuri ya mpwa wake bila kujali, na Shemeji akazima taa.

Herufi za dhahabu zilianza kujiandika kwenye giza, moja baada ya moja, mpaka mlinganyo ukakamilika. Lilikuwa wazo la Mwalimu: watu waone kwanza hesabu, ndipo waone moyo ukizaliwa kutoka humo. Mama mwenye nyumba alipiga paja.

"Watakoma! Wale waliosoma watakoma mwaka huu! Hebu subiri. Isimamishe hapo."

Alisimama akaenda hadi kwenye kioo na kuweka kidole chenye pete.

"Hii nini?"

"Eksi, mama," alisema Mwalimu.

"Na hii?"

"Kujumlisha."

"Vizuri sana. Na haka kamstari humu ndani ya mabano?"

"Kutoa."

"Kutoa nini?"

"Kutoa tu. Wai, kutoa kipeuo cha pili cha eksi."

Mama mwenye nyumba alimtazama Mama Studio, akamtazama tena Mwalimu. "Kwenye harusi ya mwanangu, unatoa?"

"Ni hesabu, mama."

"Hesabu zina kujumlisha. Hesabu zina kuzidisha. Hizo zote hukuziona, ukaiona kutoa? Wifi yangu mkubwa anakaa meza ya mbele, na miwani anayo mpya. Atasoma moja moja. Kesho mji mzima utaambiwa kwamba tulianza kutoa kabla hata hatujajaliwa!"

Shemeji alikohoa ili asicheke.

"Nikiweka kujumlisha mahali hapo," alisema Mwalimu, kwa ule upole aliokuwa akiwawekea wanafunzi wa dawati la nyuma, "moyo utageuka."

Mama mwenye nyumba alimgeukia.

"Moyo wa nani utageuka?"

"Huu hapa."

"Wa mwanangu au wa mkwe wangu?"

"Mama, nasema wa kwenye kioo. Ukiweka kujumlisha, moyo unageuka, huku juu kunakuwa..."

"Unamtabiria mwanangu kuachwa! Hata ukumbini hajaingia!" Mama mwenye nyumba alichukua mkoba wake. Kwa kweli hakuwa akiigiza. Binti alikuwa mmoja, na hofu zake zilikuwa nyingi. "Mama Studio, mumeo amenitamkia maneno mabaya. Kesho nataka kuona kujumlisha, mbili, zimekaa pamoja. Nisipoziona, Jumatatu tanuri inaingia."

Asubuhi ya harusi mke na mume hawakuelewana.

"Badilisha," alisema Mama Studio.

"Sibadilishi."

"Ni kamstari tu, baba watoto."

"Hako kamstari ndiko kanakoushikilia huo moyo. Nimewafelisha watoto wa watu kwa kamstari kama hako, leo nikubali kukosea kwa sababu ya miwani ya wifi?"

"Wale watoto hawakuwa na chumba cha kutunyang'anya."

"Thibitisha kwamba atatufukuza."

 Mama Studio alinyoosha mguu akagusa chaki ya sakafuni kwa ncha ya kiatu.

Mwalimu aliiangalia ile chaki, akavaa kofia yake. Alisema atamweleza yule mama mwenyewe, taratibu, palepale ukumbini, na kwamba mtu yeyote akielezwa vizuri huelewa. Imani hiyo alikuwa nayo tangu ujana na hakuna darasa lililowahi kuiunga mkono. Kisha akaenda kunyoa.

Mama Studio alibaki na kioo. Alikitazama kile kistari. Kilikuwa kidogo mno, unyoya wa njiwa ulikuwa mkubwa kuliko hicho. Habari ya moyo kugeuka aliisikia kama alivyoisikia mama mwenye nyumba, maneno ya mzee aliyechukizwa, kwa maana hesabu za mumewe alishaacha kuzisikiliza zamani, zilipita sikioni kama redio ya jirani. Alifuta kutoa. Akaandika kujumlisha. Akaiamuru kompyuta itengeneze video upya, na ilipomaliza akatazama mwanzo: herufi za dhahabu zikajiandika, kujumlisha ya kwanza, kujumlisha ya pili, safi kabisa. Msusi wake alikuwa akipiga simu kwa mara ya tatu. Moyo wenyewe hakuungoja. Aliujua.

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Mapazia yalishushwa mchana kweupe ili ukuta uonekane vizuri, na mshereheshaji, mtu aliyelipwa kwa maneno na aliyeyatoa bila ubahili, akatangaza kwamba sasa wageni wataona jambo ambalo halijapata kuonekana.

Mwalimu alikuwa karibu na projekta, amevaa koti lake la siku aliyoagwa shuleni. Alikuwa amejaribu mara mbili kumfikia mama mwenye nyumba amweleze, na mara zote mbili alisukumwa na wabeba maua. Herufi za dhahabu zikaanza kujiandika ukutani. Kwenye meza ya mbele, wifi mkubwa alivaa miwani yake mpya. Mama mwenye nyumba alikuwa akihesabu kwa midomo, na alipoiona kujumlisha ya pili alinyanyua kidevu na kumwangalia Mama Studio kwa shukrani ya dhati.

Mwalimu naye aliiona. Alifungua mdomo, lakini rangi ilikuwa imeshaanza kushuka.

Moyo wake aliupanga ujae kutoka juu kwenda chini. Ulitakiwa uanze na vilima viwili. Ulianza na ncha moja.

"Shemeji, zima," alinong'ona.

"Nini?"

"Zima!"

Rangi ya waridi iliendelea kushuka, ikitanuka. Ilitanuka kushoto, ikatanuka kulia kwa kipimo kilekile, ikaviringika huku chini pande zote mbili, na katikati ukabaki mfereji. Ulikuwa moyo, ndiyo, lakini moyo uliosimamishwa kichwa chini, na watu wanapouona hivyo hawauiti moyo. Yalikuwa makalio. Yalienea ukuta mzima, laini, yanang'aa, bila kasoro hata moja. Kisha wakati ukaanza kusogea, na yakadunda. Jina la bibi harusi likatokea upande wa kushoto. Jina la bwana harusi likatokea upande wa kulia.

"Mama, matako!" alisema mtoto mmoja, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kukitambua kitu.

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Mzee mmoja alilazwa chali kitini na kicheko chake mwenyewe. Wifi mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shemeji alibonyeza kitufe cha kusimamisha, na picha ikasimama pale pale yalipokuwa yamefika upana wake wa mwisho.

Mshereheshaji alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Wapendwa wageni," alisema, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuwa na la kuongeza. "Tuendelee kukaa."

Hilo nalo halikusaidia.

Mama Studio alikuwa amesimama kando ya nguzo na nywele zake mpya. Alikuwa amekielewa kile kistari sasa, chote, kwa mkupuo. Alimwona mama mwenye nyumba akiinuka, akimwendea Mwalimu, na mshereheshaji akimfuata nyuma kwa mazoea ya kazi.

"Mwalimu! Hiki ni nini?"

Mwalimu alimtazama mkewe kule kwenye nguzo. Hakuhitaji kuuliza. Uso wa Mama Studio ulikuwa wazi kabisa, na yeye alikuwa amesoma nyuso za waliobadilisha majibu maisha yake yote. Watu wa meza za mbele walinyamaza wasikie. Angeweza kuthibitisha. Ilikuwa rahisi mno.

"Nilikosea," alisema.

Neno hilo Mama Studio hakuwahi kulisikia kinywani mwake, si kwa chumvi, si kwa njia waliyopotea siku ya fungate yao. Machozi yalimjia ghafla, akayafuta kwa kiganja pamoja na poda aliyopakwa.

"Rekebisha! Sasa hivi!"

"Inahitajika alama moja tu, mama."

"Iweke!"

"Ni ile ya kutoa."

Mama mwenye nyumba alifumba macho. Nyuma yake binti yake, juu ya jukwaa, alikuwa ameficha uso kwenye bega la mumewe na mabega yake yalikuwa yakitikisika, na kutoka pale haikujulikana kama analia au anacheka.

"Jana ulinikataza," alisema Mwalimu kwa heshima. "Sitaki kulaumiwa mara mbili. Sema mwenyewe, mama."

"Toa!" alisema mama mwenye nyumba. Mshereheshaji alikuwa ameshamsogezea kipaza sauti, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote nne. "Toa, Mwalimu! Nakuomba, toa!"

"Toa!" alijibu wifi mkubwa, akigonga meza, na ukumbi mzima ukamfuata. "Toa! Toa! Toa!"

Hapakuwa na muda wa kutengeneza video nyingine. Mwalimu aliufungua mlinganyo wenyewe, ukutani, mbele ya watu wote. Badala ya kufuta na kuandika, alitia namba moja mbele ya kile kipeuo na kuanza kuishusha, polepole, kutoka moja kuelekea sifuri. Makalio yakaanza kunywea. Mfereji ukajaa. Namba ilipogusa sifuri, ukutani palikuwa na duara kamili, kama mwezi uliojaa. Akaendelea kushuka chini ya sifuri. Duara likabonyea juu, likachongoka chini, vilima viwili vikainuka kushoto na kulia, na moyo ukakaa sawa, ukaanza kudunda.

Bibi harusi alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa akicheka, na shela yake ilikuwa mikononi mwa mumewe. Ndugu wa upande wa pili wakasimama, na meza za nyuma, na yule mtoto juu ya kiti.

"Moyo umegeuka!" alinguruma mshereheshaji, maneno yakiwa yamemrudia.

Mama mwenye nyumba alishtuka kulisikia neno lile. Kisha akawaona mawifi wakipiga makofi, akajiweka sawa mtandio.

"Niliwaambia waweke hivyo hivyo," alimwambia wifi mkubwa.

Jumatatu asubuhi mlango uligongwa kabla Shemeji hajamaliza kufagia. Mama mwenye nyumba aliingia, mpwa wake nyuma yake. Mama Studio alisimama na kuondoa kiti chake juu ya mchoro wa chaki, bila kuambiwa.

"Rudisha kiti," alisema mama mwenye nyumba. "Huyu nimemtafutia kona ya kule barabarani, upepo mzuri, moshi hautasumbua mtu. Nimekuja kwa jingine. Mtoto wa wifi yangu anaolewa. Anataka kama ya juzi."

"Ya moyo," alisema Mwalimu kutoka kwenye kona.

"Ndiyo. Ila ianze kama ilivyoanza."

"Ilivyoanza vipi?"

"Mwalimu, usinitie aibu mbele ya mpwa wangu. Ilivyoanza."

"Mama, lile lilikuwa kosa."

"Basi kosea tena. Na wengine wawili wameniuliza, nimewaambia waje." Mlangoni aligeuka. "Na ile kutoa, mtu asiiguse."

 Ndani ya maisha ya kazi ya Mwalimu hakuna aliyewahi kumwomba afanye kosa kwa makusudi, na kibaya zaidi, alikuwa ameshaanza kufikiri namna ya kulifanya lishuke polepole zaidi. Shemeji alileta ndoo na kitambaa. Mama Studio alimpokea kitambaa, akapiga magoti, akaifuta ile tanuri mwenyewe, kona moja baada ya nyingine, mpaka sakafu ikawa yao.

Alipomaliza hakuinuka.

"Baba watoto."

"Ee."

"Ile alama. Ni mimi niliyeibadilisha. Ulipokwenda kunyoa."

Shemeji aliona ana kazi ya haraka nje. Mama Studio alibaki pale chini, kitambaa mkononi, akisubiri maneno yote aliyostahili. Mwalimu hakutoa macho kwenye kioo. Alisogeza miwani yake, akaandika kitu, akakitazama kikidunda.

"Thibitisha," alisema.